Joto Lisiloguswa: Historia ya Kupima Wanyama Wadogo wa Maabara katika Nchi ya Mbung'o

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa kando ya ziwa lenye jina hilohilo, chini ya mlima Kwaraa, kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Upande wa kaskazini, kuelekea Magugu na nchi ya Wambugwe, ardhi inashuka hadi bonde lenye joto lililo kati ya Ziwa Manyara na Tarangire, na katika vichaka vya huko mbung'o, yaani inzi afyonzaye damu na kueneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu, ndiye aliyeamua kwa muda mrefu ng'ombe walishwe wapi na watu wajenge wapi. Historia ya mdudu huyo imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vichaka vilivyofyekwa na vijiji vilivyohamishwa, lakini sehemu yake kubwa ilitendeka ndani ya maabara, ambako damu ya ng'ombe na ya watu wa nchi za aina hii ilidungwa kwa panya, simbilisi, sungura na nyani, kisha wanyama hao wakapimwa joto siku baada ya siku. Makala haya yanafuatilia namna kipimo hicho kilivyobadilika, kuanzia kioo chenye zebaki kilichoingizwa mwilini mwa mnyama hadi chombo kinachomlenga kutoka mbali bila kumgusa. Hoja yake ni kwamba kila chombo kilichotumika kilisoma joto la mahali tofauti mwilini, na kwamba kuacha kugusa kulikuwa na gharama yake, kwa kuwa mtafiti alipoteza sehemu ya uhakika wake kuhusu joto la ndani ili apate mnyama aliyetulia.

Kutambua homa kwa mkono ni ujuzi wa zamani kwa wafugaji, ambao humshika ng'ombe shina la sikio, humtazama pua kama imekauka, na kwa dalili hizo humtenga aliyezubaa na kuacha kula. Tabibu wa hospitali za Ulaya naye hakuwa na zaidi ya mkono wake hadi katikati ya karne ya 19, kwa sababu vipimajoto vya wakati huo vilikuwa virefu na vilichukua dakika nyingi kabla ya kutoa jibu. Mambo mawili ndiyo yaliyokiingiza kipimajoto katika kazi ya kila siku. La kwanza ni kitabu cha Carl Wunderlich wa Leipzig kilichotoka mwaka 1868, kilichoonyesha kwa vipimo vya wagonjwa wengi mno kwamba kila ugonjwa wa homa una mwendo wake wa kupanda na kushuka. La pili ni kipimajoto kifupi alichobuni Clifford Allbutt wa Uingereza katika muongo huohuo, ambacho kilitosha mfukoni na kusoma joto kwa dakika chache tu. Tangu hapo chati ya homa, yaani karatasi ya mistari inayoonyesha joto la asubuhi na la jioni, ikawa sehemu ya lugha ya tiba, na madaktari wa majeshi na wa serikali za kikoloni walipokuja Afrika walikuja nayo.

Chati hiyo ilihamishiwa kwa wanyama mapema sana. David Bruce, aliyepelekwa Zululand mwaka 1894 kuchunguza nagana, alipima joto la wanyama aliowaambukiza na kulilinganisha na wingi wa tripanosoma, yaani vijidudu vyembamba vyenye mkia vinavyoogelea katika damu, na kwa njia hiyo akaona kwamba homa na vijidudu vinahusiana. Mwaka 1903, akiwa Entebbe wakati malale ilipokuwa ikiteketeza watu wa kingo za Ziwa Victoria, yeye na wenzake waliwadunga nyani ugiligili uliotolewa kwa wagonjwa, tena wakawaachia mbung'o wawaume, ili kuthibitisha kwamba ugonjwa wa watu nao ulipitia kwa inzi. Upande wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Robert Koch alifanya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo na ya watu akiwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akarudi mwaka 1905 na kufanya kazi pia Amani katika milima ya Usambara, kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese, Uganda, kuwatibu wagonjwa wa malale. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson, wakiwa Liverpool, walihesabu kila siku tripanosoma katika damu ya mgonjwa mmoja aliyetoka Rhodesia Kaskazini, na hesabu hiyo ikaonyesha mawimbi, kwamba vijidudu huongezeka, hupungua hadi kukaribia kutoweka, kisha huongezeka tena. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba mawimbi hayo yanatokana na kijidudu kubadili ganda lake la nje kila kinga ya mwili inapolizoea, lakini kwa watafiti wa mwanzoni mwa karne ya 20 jambo lililo dhahiri lilikuwa hili, kwamba kipimo cha mara moja hakina maana na kwamba mnyama wa maabara hana budi kupimwa tena na tena.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ilipokuwa chini ya Uingereza, kazi hiyo ilisogea karibu na Babati. Malale ya aina kali, inayoletwa na kijidudu kiitwacho Trypanosoma rhodesiense, ilitambuliwa Maswa, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1922, na serikali ikaanza kuwakusanya watu katika makazi yaliyofyekwa vichaka. Charles Swynnerton, ambaye awali alikuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, aliongoza utafiti wa mbung'o uliokuwa na makao Kondoa Irangi kabla ya kuhamia Shinyanga, naye akauendesha hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Huko Kikori, katika wilaya ya Kondoa inayopakana na Babati kwa upande wa kusini, T. A. M. Nash alipima joto na unyevu wa vichaka na kueleza jinsi vitu hivyo viwili vinavyotawala uhai wa mbung'o, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1930. Inafaa kuangalia kwamba katika kituo kama hicho kipimajoto kilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani kilipima hewa anamoishi inzi, na kilipima pia damu ya mnyama anayelisha inzi huyo.

Upande wa mnyama uliendelezwa hasa Tinde, karibu na Shinyanga, ambako aina moja ya kijidudu cha malale ilipitishwa kwa miaka mingi kutoka kondoo hadi kondoo, na kwa swala pia, kwa kuumwa na mbung'o, huku watafiti wakiangalia kama ingepoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu. Baada ya Vita vya Pili kazi za namna hii ziligawanywa katika taasisi za pamoja za Afrika Mashariki, ile ya tripanosoma ikiwa Tororo, Uganda, na ile ya magonjwa ya mifugo ikiwa Muguga, Kenya. Kwa hiyo tone la damu lililochukuliwa kwa ng'ombe au kwa mgonjwa wa bonde la Manyara liliweza kusomewa mbali sana na lilikotoka, na mara nyingi lilisomwa ndani ya mwili wa mnyama mdogo, kwa kuwa njia ya kuaminika ya kugundua tripanosoma wachache wasioonekana kwa hadubini ilikuwa kuidunga damu hiyo kwa panya na kungoja wazaliane.

Kungoja huko kulihitaji kupima, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kipimajoto cha zebaki kina mkunjo mwembamba karibu na tunguu lake, unaozuia zebaki isirudi chini baada ya kupanda, na ndiyo maana mpimaji hukikung'uta kwa nguvu kabla ya kila matumizi. Kwa ng'ombe hupakwa mafuta, huingizwa puruni, yaani katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hushikizwa kando ili kiguse ukuta wa utumbo badala ya kinyesi, na huachwa humo kwa dakika mbili au tatu. Panya mweupe wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 30 tu, na kwake kioo cha aina hiyo ni hatari, kwa kuwa kinaweza kuvunjika au kumchubua, hivyo katika karne ya 20 maabara zilianza kutumia waya mwembamba wenye kitambuzi cha umeme, unaoingizwa kiasi cha sentimita 2. Kina hicho hakikuwekwa kwa kubahatisha: waya ukiishia karibu na nje husoma joto la chini kuliko la ndani, na wapimaji wawili wanaotofautiana kina kwa milimita chache huandika namba mbili tofauti kwa panya yuleyule.

Ugumu wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao ulihusu mnyama mwenyewe. Panya anayeinuliwa kwa mkia, akabanwa na kuingizwa waya, hupata mfadhaiko, na mfadhaiko humpandisha joto kwa kiasi cha nyuzi 1 au zaidi ndani ya dakika kumi hivi, bila ugonjwa wowote. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa dawa za hofu walilitumia jambo hilo kama jaribio kamili, wakimpima panya mara mbili kwa kuachana dakika 10 na kuitazama tofauti kama kipimo cha wasiwasi wake. Ugunduzi huo una maana nzito kwa yeyote anayesoma kumbukumbu za zamani, kwa sababu nyuzi 1 ndiyo tofauti ambayo mara nyingi hutenganisha mnyama mzima na mwenye homa. Chati nyingi za panya na simbilisi zilizochorwa katika maabara za kikoloni zilibeba ndani yake joto la kukamatwa, na hakuna namna ya kulitoa leo. Ng'ombe aliyezoea zizi na mkono wa mchungaji huathirika kwa kadiri ndogo, na hivyo kipimajoto kilichomfaa ng'ombe kilimkosea panya.

Fikra ya kupunguza usumbufu huo ilipata msingi wa kitaaluma mwaka 1959, pale William Russell na Rex Burch wa Uingereza walipochapisha kitabu kilichopendekeza kanuni tatu kwa anayefanya majaribio kwa wanyama: kutumia njia mbadala inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuboresha taratibu ili maumivu na hofu vipungue. Wakati huohuo mafundi mitambo walikuwa wamefanikiwa kutengeneza kidonge kidogo chenye redio ndani, kilichotangazwa mwaka 1957, ambacho hutuma habari za joto kutoka tumboni. Baadaye vilikuja vitambuzi vya kupandikizwa kwa upasuaji, na chembe ndogo zinazodungwa chini ya ngozi kwa sindano nene na kusomwa kwa kifaa cha mkononi. Njia hizo humwacha mnyama atembee kizimbani bila kushikwa, lakini humtaka aguswe kwa ukali mara ya kwanza, zina bei kubwa, na chembe ya chini ya ngozi husoma joto la chini kidogo kuliko la puruni.

Njia isiyogusa kabisa ilitokana na tawi lingine la elimu. Mwaka 1800 William Herschel, mnajimu wa Uingereza, alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu na kuweka vipimajoto katika kila rangi, akagundua kwamba kile kilichokaa nje ya rangi nyekundu, pasipoonekana chochote, ndicho kilichopanda zaidi. Miale hiyo isiyoonekana ndiyo inayoitwa infraredi. Mwaka 1879 Josef Stefan alionyesha kwamba nguvu ya miale inayotolewa na kitu huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto lake halisi, yaani joto likipanda kidogo miale huongezeka sana, na kwa hiyo atakayeipima miale ataweza kukokotoa joto. Mwili wenye joto la nyuzi 37 hutoa miale yake mingi katika urefu wa mawimbi unaokaribia mikromita 9, mbali mno na uwezo wa jicho. Kilichobaki kilikuwa kujua kama ngozi hutoa miale yote inayotarajiwa au hubakiza baadhi, na James Hardy wa New York alilijibu swali hilo mwaka 1934 kwa kuonyesha kwamba ngozi ya binadamu, ya rangi yoyote, hutoa takriban asilimia 98 ya kiwango cha juu kinachowezekana. Matokeo hayo ndiyo yaliyofanya kipimajoto cha kulenga kiwezekane, na pia kamera ya joto, ambayo hupanga vipimo vingi kwa pamoja na kuvipa rangi.

Chombo hicho kilipoelekezwa kwa wanyama wadogo kilileta maswali ambayo wapimaji wa puruni hawakuwa nayo. La kwanza ni la ukubwa wa doa. Kila kipimajoto cha kulenga husoma duara linalotanuka kadiri kinavyosogezwa mbali, na chenye uwiano wa 12 kwa 1 husoma duara la sentimita 1 kikiwa umbali wa sentimita 12, hivyo mpimaji anayesimama umbali wa nusu mita kutoka kwa panya husoma panya pamoja na maranda aliyolalia, na namba anayopata ni wastani wa vitu viwili. Swali la pili ni la manyoya, ambayo kazi yake ni kuzuia joto lisitoke, kwa hiyo uso wa manyoya huwa na ubaridi kuliko ngozi iliyo chini yake, na baadhi ya maabara hunyoa kiraka mgongoni au tumboni ili kupata mahali pamoja pa kulenga kila siku. Swali la tatu ni la mzunguko wa damu. Mkia wa panya na masikio ya sungura ni njia za kutolea joto, na mishipa yake hufunguka mnyama anapopata joto na kujifunga anaposhtuka, hata panya aliyeogopa akawa na mkia wa baridi wakati ndani joto linapanda.

Sungura wa Muguga wanaonyesha vizuri ugumu wa sikio. Kupe wa aina ya Rhipicephalus appendiculatus, wanaoeneza ndigana kali ya ng'ombe, walifugwa huko kwa kulishwa juu ya masikio ya sungura yaliyofunikwa kwa vifuko vya kitambaa, na kutokana na kazi hiyo ilipatikana katika miaka ya 1970 chanjo ya kumdunga ndama vijidudu hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, ambayo baadaye ilienea kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Sikio la sungura lililovimba kwa kupe huwa na joto la uvimbe, na lisilo na kupe hubadilika kwa hewa ya chumba, kwa hiyo katika hali zote mbili halifai kuwa shahidi wa joto la mwili mzima. Fuko nao wametoa somo linalofanana na hilo. Watafiti kutoka Jamhuri ya Czech na wenzao waliwapiga picha za joto fuko wa Afrika, akiwamo yule wa rangi ya fedha anayepatikana pia Tanzania, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 walionyesha kwamba joto hutokea zaidi kwenye tumbo na miguu, sehemu zinazogusa udongo, wakati mgongo ambao mpimaji wa juu angeulenga kwa urahisi huficha mengi.

Zaidi ya hayo, kusoma homa ya mnyama mdogo kuna mtego ambao mazoea ya zizini hayakumwandaa mtu kuutambua. Ng'ombe mwenye ndigana kali hupanda hadi nyuzi 40 na zaidi, na afisa mifugo hukutegemea kupanda huko. Panya wa maabara, kwa sababu ya udogo wake, ana ngozi kubwa ikilinganishwa na uzito, hupoteza joto upesi, na huishi bila kuhangaika na baridi pale tu hewa inapofika nyuzi 29 hadi 32, ilhali vyumba vingi vya maabara huwekwa kwenye nyuzi 20 hadi 24. Akizidiwa na maambukizi makali, mara nyingi joto lake hushuka badala ya kupanda, na mshuko huo ukiendelea huwa ni dalili kwamba hatapona. Hapa ndipo kupima bila kugusa kulipopata kazi yake yenye manufaa makubwa, kwa kuwa mnyama anaweza kutazamwa mara nyingi kwa siku bila kuongezewa mateso, na mtafiti akaamua kumaliza jaribio kabla hajafikia hali ya kufa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawagusa pia wanyama wanaotumika katika utafiti, na vipimo vya aina hiyo vinaendana na matakwa yake.

Mazingira ya nchi yenyewe huongeza masharti. Chombo cha infraredi husoma vyema pale mwili unapokuwa na joto la kutosha kuliko vitu vinavyouzunguka, na mchana wa kiangazi katika bonde la Magugu kuta za bati na maranda vinaweza kukaribia joto la ngozi, tofauti ikapungua na kosa likakua. Vumbi likikaa kwenye lenzi hupunguza miale inayoingia, na manyoya yaliyolowa hupoa kwa maji yanayovukizwa, hivyo namba hushuka pasipo mnyama kupoa ndani. Umma wa Tanzania ulikuja kukizoea chombo hiki kwenye milango ya ofisi na viwanja vya ndege, hasa mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na watu wengi walijionea kwamba aliyetoka juani husomwa tofauti na aliyekaa kivulini. Upande wa pili, kipimajoto cha kioo nacho kimeanza kuondoka, kwa kuwa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipimajoto vya kawaida vyenye zebaki.

Umuhimu wa mambo haya kwa Manyara haujapita. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, Tarangire ikiwa mojawapo, na hivyo ilithibitika kwamba kijidudu kilichochunguzwa Tinde bado kilikuwa kikizunguka kati ya wanyamapori na inzi. Anayetaka kulinganisha maambukizi ya leo na yale yaliyoandikwa zamani atakutana na chati za puruni upande mmoja na picha za kamera upande mwingine, na namba hizo haziwezi kuwekwa katika safu moja bila maelezo. Nyuzi 38 za mwaka 1930 zilikuwa joto la ndani la mnyama aliyekamatwa, na nyuzi 34 za kamera ni joto la ngozi la mnyama aliyeachwa, na zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa panya mwenye afya ileile. Kwa sababu hiyo maabara makini hupima kwanza kundi dogo kwa njia zote mbili, hupata uhusiano kati ya namba za ndani na za nje katika chumba hichohicho, ndipo huendelea na kamera peke yake, na katika kumbukumbu huandika chombo, sehemu iliyolengwa, umbali na joto la hewa. Kumbukumbu za zamani ziliacha sehemu kubwa ya maelezo hayo kwa kuwa waandishi wake waliamini kwamba mnyama ana joto moja, na karne nzima ya kazi iliyofuata imeonyesha kwamba ana joto la kila mahali anapopimwa na la kila namna anavyotendewa.